Filamu ya Short Term 12 na swali la "nimpeleke kituo gani?"

Simu za namna hii tunazipokea studioni mara kwa mara. Msikilizaji anapiga kutoka Sibwesa au kata ya jirani, anasema kuna mtoto ameachwa. Mama aliaga anakwenda kutafuta kibarua, msimu umeisha hajarudi. Bibi amechoka. Jirani amemlisha mtoto mpaka debe la mahindi limebaki nusu. Mwisho linakuja swali: "Nimpeleke kituo gani?"

Ni swali la mtu mwenye huruma, lakini linaruka hatua kadhaa. Katika makala haya tunazieleza hatua hizo kwa kutumia filamu moja ya maigizo inayohusu watoto wanaoishi kwenye makao, inayoitwa Short Term 12. Imetengenezwa Marekani, mbali na kwetu, lakini mengi yanayowapata watoto wa filamu ile yanaweza kumpata mtoto wa hapa Katavi.

Tunaeleza filamu yote, pamoja na mwisho wake. Kama unapanga kuitazama na hutaki kujua mwisho, anza na sehemu za sheria huko chini, kisha urudi hapa.

FILAMU YENYEWE

Short Term 12 iliandikwa na kuongozwa na Destin Daniel Cretton, mzaliwa wa visiwa vya Hawaii. Kabla ya kuwa mwongozaji wa filamu, Cretton alifanya kazi kwa takriban miaka 2 kwenye makao ya vijana huko San Diego, jimbo la California. Aliyoyaona kazini ndiyo aliyoyaandika.

Kwanza alitengeneza filamu fupi ya dakika 22, ambayo mwaka 2009 ilipata tuzo ya filamu fupi katika tamasha la Sundance. Baadaye akaandika filamu ndefu kwa jina lilelile. Ilioneshwa mara ya kwanza Machi 2013 katika tamasha la SXSW mjini Austin, Texas, ikapata tuzo kuu ya majaji na tuzo ya watazamaji.

Ni filamu huru, yaani haikutengenezwa na kampuni kubwa za Hollywood. Bajeti yake ilikuwa chini ya dola milioni 1, fedha kidogo sana kwa filamu ya Marekani. Waigizaji wake wengi hawakuwa maarufu wakati huo. Brie Larson, anayeigiza mhusika mkuu, na Rami Malek, anayeigiza mfanyakazi mgeni, baadaye kila mmoja alishinda tuzo ya Oscar kwa filamu nyingine.

INASIMULIA NINI

Grace ni msichana wa miaka ya ishirini na kitu. Ni mlezi wa zamu kwenye makao ya muda ya watoto na vijana. Mpenzi wake, Mason, anafanya kazi hapohapo. Kazi yao ni kuwaamsha watoto, kuhakikisha wanakula, kupekua vyumba ili kuondoa vitu vya hatari, kuamua ugomvi, na kumkimbilia mtoto anapojaribu kutoroka.

Yupo Sammy, mvulana mdogo ambaye mara kwa mara huchomoka mbio kuelekea langoni. Utaratibu wa makao unasema mlezi anaweza kumshika mtoto akiwa ndani ya lango. Akishavuka, mlezi hana ruhusa ya kumgusa. Anaweza kumfuata tu, akiongea naye, mpaka akubali kurudi.

Yupo Marcus, anayekaribia kutimiza miaka 18. Akitimiza, lazima aondoke. Hajui anakwenda wapi.

Kisha analetwa Jayden, binti mwerevu na mkali, ambaye mama yake amefariki. Anasema hataki urafiki na yeyote kwa sababu hatakaa sana. Baba yake huwa anamchukua mwisho wa wiki. Siku yake ya kuzaliwa, Jayden anamsubiri baba. Baba haji.

Grace anaanza kuona kwa Jayden dalili anazozijua, kwa sababu yeye mwenyewe aliumizwa na baba yake mzazi utotoni. Baba huyo yuko gerezani na anakaribia kuachiwa. Wakati huohuo Grace amegundua ana mimba, na hajui kama anaweza kuwa mama.

Siku moja Jayden anamsomea Grace hadithi aliyoitunga, ya pweza aliyetaka urafiki na papa. Kila papa alipotaka kitu, pweza alitoa mkono wake mmoja uliwe, mpaka ikaisha yote. Jayden hasemi kwamba hadithi hiyo inamhusu baba yake. Grace anaelewa. Anawaeleza wakubwa wake, lakini binti hajatamka lolote kwa maneno ya wazi, na baba anaruhusiwa kumchukua nyumbani.

Grace anakasirika, anakwenda usiku mpaka nyumba ya baba huyo na nusura afanye jambo baya. Jayden anamkuta, anamwonesha alama za kipigo, na hatimaye anakubali kusema. Wanarudi pamoja, na binti anatoa maelezo yake kwa wahusika.

Mwishoni watoto wapo palepale na kazi inaendelea. Sammy anachomoka tena, bendera ameifunga begani, na walezi wanamkimbilia. Maisha ya makao hayaishi kwa siku moja nzuri.

JINA LA FILAMU LINA MAANA

Maneno "short term" ya Kiingereza maana yake ni muda mfupi. Ndilo jina la makao yenyewe. Kwa mpango, mtoto anatakiwa kukaa pale kwa muda, wakati serikali ikitafuta mahali pa kudumu: kwao, kwa ndugu, au kwa familia nyingine. Katika filamu tunaelezwa kwamba wapo wanaokaa zaidi ya muda uliopangwa.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kituo ni mwisho wa safari, kwamba mtoto akishapokelewa tatizo limekwisha. Kituo kinatakiwa kuwa kama kivuko: unapita ili ufike ng'ambo. Mtoto akiachwa juu ya kivuko miaka 10, hata kama analishwa vizuri, hajafika.

MAMBO MATANO YA KUJIFUNZA

1. Huruma isiyo na adabu inaumiza.

Mfanyakazi mgeni, Nate, anapojitambulisha mbele ya watoto, anasema siku zote alitaka kufanya kazi na watoto wasiojaliwa. Hana nia mbaya. Lakini Marcus anakasirika papo hapo na kumuuliza ana maana gani. Kwetu hilo hutokea wageni wanapofika kituoni na sabuni na mchele, wakawapanga watoto mstari, wakawapiga picha na kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp wakiwaita "yatima wetu". Yule mtoto ana jina. Pengine ana mama aliye hai Kaliua au Uvinza. Picha ile atakuja kuikuta akiwa mtu mzima.

2. Mtoto husema kwa njia yake.

Jayden hakusema "baba ananiumiza". Alisimulia habari za pweza. Mtoto wa kijijini anaweza kusema kwa kukataa kwenda kuchota maji njia fulani, kwa kukojoa kitandani wakati alishaacha, kwa kunyamaza mtu fulani anapoingia, au kwa ukali ambao hakuwa nao. Mtu mzima aliye karibu ndiye wa kusikiliza. Na asikilize bila kumlazimisha wala kumwekea maneno mdomoni.

3. Kurudishwa nyumbani si jambo jema kila mara.

Mahali pa kwanza pa mtoto ni kwao. Lakini Jayden alirudishwa kwenye nyumba iliyomuumiza. Ndiyo maana afisa ustawi wa jamii anatakiwa kufika, kukagua na kuuliza kabla ya kumkabidhi mtoto, na kurudi kumtembelea baada ya kumkabidhi. Ukoo unaposema "haya ni mambo ya ndani, tutayamaliza wenyewe", mara nyingi anayemaliziwa ni mtoto.

4. Miaka 18 inafika haraka.

Siku zinavyokaribia za kuondoka, Marcus anajaribu kujiua. Anaokolewa. Filamu haimwoneshi kama kijana mbaya. Inamwonesha kijana anayeogopa kwenda mahali pasipo na mtu. Fikiria kijana wa kwetu aliyelelewa kituoni mjini tangu ana miaka 3. Anarudi Sibwesa ana miaka 18. Hajui shamba la babu liliishia wapi, hajui lugha ya nyumbani, hamjui shangazi. Kusoma amesoma, lakini siku ya msiba hajui akae na nani.

5. Familia isiyo ya damu inaweza kuwa familia.

Mason alilelewa na mume na mke ambao hawakumzaa. Katika filamu kuna sherehe ya wazee hao. Waliokaa mezani wengi ni watoto waliolelewa na wazee haohao kwa miaka mingi, na Mason anasimama kuwashukuru. Sehemu hiyo ni fupi, na ndiyo inayotuonesha ng'ambo ya kivuko: nyumba ya kawaida, chakula, kelele, na watu wanaokuita wako.

FILAMU YA AFRIKA INAYOANZA MAPEMA ZAIDI

Short Term 12 inaanza mtoto akiwa tayari kwenye makao. Ipo filamu ya Zimbabwe inayoonesha yanayotangulia, ya mwaka 1996, iitwayo Everyone's Child, yaani mtoto wa wote. Iliongozwa na Tsitsi Dangarembga, ambaye pia ni mwandishi wa riwaya.

Inahusu watoto wa kijijini wanaobaki peke yao baada ya wazazi kufariki wakati wa janga la UKIMWI. Ndugu na majirani wanawakwepa. Tamari, binti mkubwa, anabaki kulea wadogo zake na anaishia kutumiwa vibaya na mwenye duka. Kaka yake Itai anakwenda mjini Harare na kuangukia jela. Mdogo wao wa mwisho anakufa nyumba inapoungua. Hapo ndipo kijiji kinashtuka.

Katika hadithi hiyo kituo hakikuwa mbali. Aliyekuwa mbali ni jirani wa ukuta kwa ukuta.

KWA NINI FAMILIA KABLA YA MAKAO

Sababu ya kwanza ni kwamba watoto wengi walioko kwenye makao duniani si yatima kamili. Shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kwamba angalau watoto 4 kati ya 5 wanaoishi kwenye taasisi wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wengi wamefikishwa huko na umaskini, ugonjwa, ulemavu, ndoa kuvunjika au kutafuta shule.

Sababu ya pili ni makuzi. Nchini Romania, utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, dunia iliona makumi ya maelfu ya watoto waliokuwa wamejazwa kwenye taasisi za serikali. Miaka ya 2000 watafiti walifuatilia watoto 136 wa mjini Bucharest waliokuwa wamewekwa kwenye taasisi tangu wakiwa wachanga. Nusu yao, 68, walipelekwa kulelewa kwenye familia. Wengine waliendelea na malezi waliyokuwa nayo. Waliopelekwa kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliotolewa kabla ya kufikisha miaka 2.

Chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kudumu ambaye mtoto akilia ndiye anayekuja. Kwenye taasisi walezi hubadilishana zamu, na kila mmoja ana watoto wengi. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo kuhusu malezi mbadala inayosema watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe kwenye mazingira ya familia.

Hatusemi walezi wa makao ni wabaya. Grace na Mason ni watu wema sana, na hapa kwetu wapo masista, wachungaji, mashehe na kina mama wanaolea watoto wa watu kwa jasho lao. Na kuna mtoto ambaye leo usiku hana pa kulala isipokuwa makao. Tunachosema ni kwamba makao yanakuja baada ya kujaribu familia.

SHERIA YA TANZANIA INASEMAJE

Sheria kuu ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Inampa haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, isipokuwa kuishi nao kunapomdhuru. Mtoto akikosa malezi ya wazazi, njia ni hizi:

Ndugu. Babu, bibi, shangazi, mjomba, kaka au dada mkubwa. Hawa ndio wa kwanza kutafutwa.

Malezi ya kambo. Usichanganye na baba wa kambo au mama wa kambo. Hapa maana yake ni familia iliyokaguliwa na kukubaliwa na ustawi wa jamii kumlea mtoto kwa muda. Mtoto hawi wako moja kwa moja, na wazazi wake wakipatikana na wakiwa salama anaweza kurudi kwao.

Kuasili. Hii ni kumfanya mtoto wako kisheria, kama uliyemzaa. Amri inatolewa na Mahakama Kuu baada ya uchunguzi wa ustawi wa jamii. Karatasi ya makubaliano iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji haimfanyi mtoto kuwa wako.

Makao ya watoto. Yawe ya serikali, kama Makao ya Taifa ya Kurasini jijini Dar es Salaam na Kikombo jijini Dodoma, au ya dini na mashirika, yanatakiwa kuwa na leseni na kukaguliwa. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2012. Mwenye makao hana ruhusa ya kupokea mtoto kwa siri kutoka kwa jirani au mtu wa bodaboda. Lazima ustawi wa jamii ujue mtoto ametoka wapi na kwa nini.

Lipo jambo jingine kwenye sheria hiyo ambalo wengi hawalijui. Mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuitoa kwa serikali ya eneo lake. Kunyamaza kwa sababu "si mtoto wangu" hakukubaliki kisheria. Na mzazi anayemtelekeza mtoto kwa makusudi bila sababu ya msingi anatenda kosa la jinai.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUGUSA KATAVI

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilikuta watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni 1.1. Katika miaka 10 tumeongezeka karibu mara mbili. Mbali na watoto waliozaliwa hapa, wengi wamekuja: wafugaji na wakulima kutoka Tabora, Shinyanga, Kigoma, Rukwa na kwingine, wakifuata ardhi na malisho.

Maana yake kwa mtoto ni hii. Zamani mtoto wa Kibende au Kitongwe aliyeachwa alikuwa na ukoo mzima umbali wa kutembea kwa miguu. Leo mtoto aliyeachwa kwenye kitongoji kipya anaweza kuwa na baba mdogo aliye Kahama na bibi aliye Kasulu. Ndugu wapo, ila wako mbali, na hakuna mwenye namba zao za simu. Jirani anaona mtoto hana mtu. Kumbe ana watu ambao hawajaambiwa.

Jambo la pili ni mimba za utotoni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha kwamba wasichana 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 mkoani Katavi walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Ndicho kilikuwa kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha kiwango chetu kimeshuka, lakini bado kiko juu ya wastani wa taifa.

Tukimwona mama aliyemwacha mtoto, tuuliza pia ana umri gani. Mara nyingine walioachwa ni watoto wawili, mkubwa na mdogo.

UKIMKUTA MTOTO AMEACHWA

Kwanza, mweke salama. Mpe maji na chakula, mfunike. Kama ni mchanga au ana jeraha, mpeleke zahanati au kituo cha afya mara moja. Usimwogeshe wala kutupa nguo alizokuwa nazo kama unahisi amefanyiwa ukatili.

Pili, toa taarifa siku hiyohiyo. Anza na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Yeye amjulishe afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Kama kuna dalili za ukatili au mtoto ametupwa, nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Tatu, kama ofisi iko mbali au umepuuzwa, piga 116. Ni namba ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Nne, andika unachokijua. Jina la mtoto kama anajua kulitaja, siku na saa uliyomkuta, alivyovaa, lugha anayoongea, majina ya watu na mahali anayoyataja. Mtoto wa miaka 4 anaposema "kwa bibi kuna treni", amesema jambo kubwa. Huenda ametokea kwenye reli ya Mpanda kwenda Kaliua. Maneno kama hayo ndiyo yanayompata bibi.

Tano, usimrushe mtandaoni. Picha ya uso wake na jina lake vinaweza kumfikia mtu aliyemuumiza, au mtu mwenye nia mbaya atakayejifanya mjomba. Sisi hapa studioni tunatangaza mtoto aliyeokotwa baada ya kuwasiliana na polisi au ustawi wa jamii, na anayemtambua tunamwelekeza kwao. Hatumkabidhi mtoto kwa mtu kwa sababu tu amepiga simu.

Sita, kama unataka kumlea, sema. Mwambie afisa ustawi wa jamii kwamba uko tayari kumhifadhi wakati ndugu wanatafutwa. Atakuja kukagua nyumba yako. Hahitaji nyumba ya vigae. Anataka kujua wanaoishi humo ni nani, mtoto atalala wapi, na kama atasoma.

KWA MAMA AU BABA ANAYEFIKIRIA KUMWACHA MTOTO

Tunajua na wewe unasoma. Hatukuandikii ili kukufokea.

Kama baba wa mtoto amekukimbia, sheria inaweza kumlazimisha atoe matunzo, hata kama hamkufunga ndoa. Anza ustawi wa jamii. Wakishindwa kuwapatanisha, shauri linakwenda mahakamani.

Kama unampeleka mtoto kituoni ili asome, kumbuka kwamba ada katika shule za msingi na sekondari za serikali imefutwa. Kama wewe ni mwanafunzi uliyezaa, tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu urudi shuleni.

Na kama umefika mwisho kabisa, huwezi kumlea, usimwache porini, sokoni wala mlangoni kwa mtu usiku. Nenda zahanati, kwa mtendaji au kwa afisa ustawi wa jamii, ukaseme kwa mdomo wako: nimeshindwa. Aache jina lako na jina la ukoo. Jina hilo ndilo kamba ambayo mtoto atakuja kuifuata akitaka kujua ametoka wapi.

KUHUSU KUITAZAMA FILAMU HII

Short Term 12 ni ya Kiingereza. Ina matusi, na ina mambo ya kujiumiza na ukatili dhidi ya watoto. Marekani imewekwa kwenye daraja ambalo walio chini ya miaka 17 hawaruhusiwi kuingia peke yao. Kwa hiyo si ya kuwekwa kwenye banda la video mbele ya watoto. Ni ya watu wazima, hasa walimu, viongozi wa vijiji, wahudumu wa afya, viongozi wa dini na wote wanaolea watoto wasio wao. Ukiitazama na mtu anayejua Kiingereza, simamisheni mara kwa mara mjadiliane.

TUNARUDI KWENYE SWALI

"Nimpeleke kituo gani?" Jibu letu ni hili: kwanza mpeleke kwa mtendaji, ili atafutwe bibi. Bibi asipopatikana, atafutwe shangazi. Shangazi akishindwa, itafutwe familia ya hapahapa Sibwesa yenye nafasi mkekani na iliyokaguliwa. Kituo kiwe baada ya hapo, na siku mtoto anapoingia, mtu aandike kwenye jalada tarehe ya kuangalia tena kama anaweza kutoka.

Na jirani uliyepiga simu, hata baada ya mtoto kuchukuliwa, kazi yako haijaisha. Uliza alipelekwa wapi. Ukienda Mpanda kuuza mpunga, omba ruhusa kwa ustawi wa jamii upite kumsalimu. Kwa mtoto kama Sammy, anayekimbia kila siku kuelekea langoni, ni jambo kubwa kujua kuwa nje ya lango kuna mtu anayelijua jina lake.